Pepinieri ya Nguba na majani yake ya kivulini: ninachokisifu na ninachokiacha mezani

Kama una parseli Bukavu, mashariki mwa Kongo, yenye mti mkubwa wa avoka, na chini ya mti huo hakuna kinachoota isipokuwa udongo mwekundu unaoteremka kila mvua ikinyesha, nenda kwa mama anayeuza miche kando ya barabara ya Nguba inayoshuka kuelekea ziwani (ndiyo pepinieri ninayoisema, kitalu cha miche), umwombe sentela, mmea wa kutambaa unaofunika ardhi kivulini na ambao pia ni dawa ya ngozi. Nimeanza na hilo ili mwenye haraka asilazimike kusoma yote. Miche yake ni mizuri, bei yake ni ya haki, na maneno anayokuambia kuhusu mmea wenyewe ni ya kweli. Majani makavu anayoyauza pembeni yanamfaa mtu anayejua anachokitafuta. Yale mafuta ya kupaka yaliyo kwenye vichupa mezani, mimi siyanunui, na nitaeleza sababu.

Kazi yangu ni uuguzi. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefunga vidonda Kadutu, hapa hapa Bukavu, na vingi kati yake ni vya moto: mtoto kavuta sufuria ya bugali, mtoto kaangukia mbabula, mama karukiwa na mafuta ya kukaangia samaki wa sambaza. Kidonda cha moto kikipona vibaya, mtu anabeba kovu lililovimba hadi uzeeni. Kwa hiyo nikisikia mmea unasifiwa kwa kuponya ngozi, siupuuzi, wala siukubali kwa sababu tu jirani kasema. Tena naishi mteremkoni kama watu wengi wa mji huu, nyumba juu na shamba dogo la mboga chini, na najua vizuri mvua ya Novemba inafanya nini katikati. Sentela inagusa mambo yangu yote mawili, ndiyo maana nitaieleza kwa urefu.

Mahali penyewe hapana kibao. Utaona safu za mifuko myeusi ya plastiki kando ya ukuta. Waridi ziko mbele kwa kuwa ndizo zinazovuta macho ya wenye magari, kisha mipapai, marakuja, avoka za kupandikiza, na nyuma kabisa, chini ya turubai kuukuu lililoongezewa majani ya mgomba, kuna vitu visivyopenda jua: feni, begonia, na sentela. Wateja wengi hawafiki huko nyuma, nao ndio upande ninaoupenda. Udongo wa kwenye mifuko ni mweusi na mwepesi, umechanganywa na mboji, na miche imenyweshwa ipasavyo, haikuzamishwa majini ili ionekane mibichi mbele ya mteja. Geuza mfuko uangalie matundu ya chini: mizizi myeupe inachungulia. Hiyo ndiyo alama ya mche uliokaa na kushika, si kipande kilichong'olewa bondeni asubuhi na kuchomekwa kwenye udongo saa moja kabla hujafika. Mjini hapa vipande vya namna hiyo vinauzwa sana, na vinakufa nyumbani kwako, si kwa muuzaji.

Nilipomwambia nataka kitu cha kufunika ardhi chini ya avoka, hakuanza na bei. Aliuliza, “Mama dokta, jua inafikaka pale saa ngapi? Na mayi inasimama ao inapita?” Nikamjibu kwamba jua ni la asubuhi kidogo, halafu kivuli hadi jioni, na maji yanapita mbio. Akafikiri. “Basi itakubali. Lakini usianzie juu. Anzia chini, fasi bulongo inabaki na mayi. Itapanda yenyewe.” Nimenunua miche kwa watu wengi hapa mjini, na wachache sana wameniuliza swali lolote kabla ya kupokea pesa yangu.

Sasa mmea wenyewe. Kwa jina la wataalamu ni Centella asiatica. Yule mama anauita gutwikumwe, kama wanavyouita ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda. Ni wa jamii moja na karoti na seleri tunayotia kwenye mchuzi, na ukilisugua jani kati ya vidole utasikia harufu hafifu ya ukoo huo. Shina lake linatambaa juu ya udongo kama uzi, na kila penye kifundo linateremsha mizizi na kupandisha kishada cha majani yenye vikonyo virefu. Jani ni la mviringo, lina mkato pale kikonyo kinapoingia, na ukingo wake una meno ya duara, si makali. Maua ni madogo mno, meupe au ya pinki, yamejificha chini ya majani. Unaota Afrika, Madagaska, India, Sri Lanka, hadi Asia ya Kusini-Mashariki, popote penye unyevu na joto la wastani. Hapa kwetu utauona kwenye kingo za vijito na mabonde ya Kabare, pale ng'ombe wanapokunywa.

Nakaa kwenye umbo la jani kwa sababu hapo ndipo watu wanapouziwa kitu kingine. Kuna hidrokotile, ambayo baadhi ya aina zake kikonyo huingia katikati ya jani, kama mpini wa mwavuli. Hiyo si sentela, hata kama muuzaji anaapa. Kuna na dikondra, inayotambaa vilevile na kupenda kivuli vilevile, lakini ukingo wa jani lake ni laini kabisa, hauna meno. Zote mbili zinafunika ardhi vizuri, na anayetaka kijani tu chini ya mti hana hasara. Hasara ni kwa anayekwenda kuchemsha na kunywa akidhani ana dawa ya bibi yake. Kwa mama wa Nguba sijawahi kukuta mchanganyiko huo. Nilichokuta ni oksalisi, lile gugu la majani matatu lenye vitunguu vidogo ardhini, limejificha kwenye mfuko mmoja au miwili. Kagua kila mfuko kabla ya kulipa, kwa maana vitunguu vile vikishaingia shambani kwako havitoki. Nilipomwonyesha alibadilisha mifuko bila kununa.

Chini ya avoka mambo yalikwendaje? Kwanza niseme kwamba pasipalumu, nyasi ambayo karibu kila mtu hapa anapanda mbele ya nyumba, haifai pale. Penye jua ni nzuri. Kivulini inakonda, inageuka manjano, inaacha mabaka matupu, na matone yanayodondoka kutoka majani ya avoka yanayachimba mabaka hayo mpaka mizizi ya mti inabaki wazi. Sentela niliipanda mvua za Septemba zilipokwisha kushika, nafasi ya shubiri kati ya mche na mche, kuanzia chini kama nilivyoelekezwa. Mwanzo haikuonyesha kitu. Kisha nyuzi zikaanza kutoka, zikavuka nafasi zilizobaki, zikapanda mteremko zenyewe, na kabla mvua za masika hazijaisha udongo ulikuwa umefunikwa. Pale penye kivuli kizito majani ni mapana na vikonyo ni virefu, ila nyuzi ni chache. Pembeni, jua linapopiga, majani ni madogo, magumu, yenye wekundu kidogo. Mahali panapoipendeza zaidi ni katikati ya hayo mawili, kivuli chenye miale.

Kiangazi ndicho kinachoisumbua. Kuanzia Juni hadi Agosti Bukavu ni vumbi, na bomba la REGIDESO, shirika la maji, kila mtu analijua kwa kukauka. Nilikuwa namwagia maji ya kuoshea mboga na mchele, yasiyo na sabuni, na sehemu iliyopata hayo ilibaki kijani. Sehemu ya juu ilikauka majani, lakini mizizi haikufa, mvua iliporudi ilichipua upya. Ukiwa na kuku wa kuzurura, zungushia fito mwanzoni. Simbilisi nao wanaipenda, na hilo kwangu ni faida, kwani nikipunguza nyuzi zilizovuka mpaka sizitupi, nawapa.

Kuna jambo moja ambalo nataka kila mwenye parseli mlimani alisikie kwa uzito. Sentela inalinda ngozi ya juu ya udongo. Inapokea matone, inapunguza mwendo wa maji, na maji yanayofika chini kwangu sasa hayana ule wekundu wa zamani. Lakini mizizi yake ni mifupi. Mlima ukiamua kuteremka, hautazuiliwa na majani ya kimo cha kiganja. Nimewahi kusikia mtu akimshauri mwenzake apande majani haya badala ya kujenga ukuta kwenye mteremko uliokwisha kupasuka, na niliingilia kati papo hapo, kwa kuwa mji huu unazika watu kila msimu kwa maporomoko. Penye mteremko mkali panda nyasi ya vetiva kwa mistari inayokata mlima, panda miti, chimba mfereji wa kuongoza maji, kisha sentela ijaze nafasi za kivulini. Mama wa pepinieri alisema hivyo hivyo, na angeweza kuniuzia mifuko zaidi kwa kunyamaza.

Nije kwenye dawa, maana najua ndicho wengi wanachokisubiri.

Mmea huu una historia ndefu kuliko yetu sisi wote. Nchini India umo katika tiba za Ayurveda tangu zamani, na ulitumika kwa vidonda vya ukoma. Madagaska wanauita talapetraka, nao pia waliutumia kwa vidonda. Huko ndiko sayansi ilikoingia kwa nguvu: katika miaka ya 1940 wanakemia walitenga kutoka kwenye majani kiini kinachoitwa asiatikosidi, na mwanasayansi wa Kimalagasi Albert Rakoto Ratsimamanga alikuwa miongoni mwa waliokitafiti kwa matibabu ya vidonda vya ukoma. Ndiye aliyeanzisha taasisi ya utafiti ya IMRA mjini Antananarivo mwaka 1957. Kutokana na utafiti wa aina hiyo ikatoka dawa ya Kifaransa Madécassol, ambayo kiini chake ni mchujo wa sentela uliopimwa: asiatikosidi kiasi cha asilimia 40, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni asidi ndugu zake. Napenda kuwakumbusha vijana wa udaktari habari hii. Majani waliyoyakanyaga wakienda shule yaliingia katika farmasi za Ulaya kwa sababu mganga wa kijiji na mwanakemia walikaa upande mmoja wa meza.

Shirika la Afya Duniani, katika jalada la kwanza la monografia zake za mimea ya dawa lililotoka mwaka 1999, linaitaja sentela kwa vidonda, majeraha ya moto, na kuzuia makovu yanayovimba. Viini vyake vinachochea chembe za ngozi kutengeneza kolajeni, ile nyuzi inayoshona kidonda. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi si jambo dogo, kwa maana tunapata keloidi, yale makovu yanayovimba, kwa urahisi kuliko weupe. Nimewaona wasichana wanaovaa kitambaa shingoni mchana wa jua kali kuficha kovu la uji uliowamwagikia wakiwa wadogo. Dawa yoyote inayopunguza uwezekano wa hilo naiheshimu.

Lakini hapa ndipo muuguzi anapaswa kusema kwa sauti. Kilichopimwa ni mchujo safi, wenye kipimo, katika mafuta yaliyotengenezwa kwa usafi, juu ya kidonda kilichosafishwa. Jani bichi lililopondwa juu ya jiwe na kubandikwa kwenye jeraha lililo wazi ni kitu kingine kabisa. Sentela inatambaa ardhini, na ardhi inabeba vijidudu vya pepopunda. Nimewapokea watu wenye majeraha yaliyojazwa majani ya kila namna, na kazi yetu ya kwanza inakuwa kuyatoa huku mgonjwa akilia. Kidonda cha moto kipoze kwa maji safi ya bomba yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta ya mawese, kifunike kwa kitambaa safi, kisha uje kituo cha afya. Chanjo ya pepopunda iangaliwe. Mambo ya sentela yanafuata baadaye sana, ngozi ikishafunga.

Na hapo baadaye, mimi mwenyewe ninaitumia. Nachuma majani ya bustanini, naosha mara nyingi, nachemsha, naacha yapoe, nalowanisha kitambaa safi na kukiweka juu ya kovu jipya linalowasha. Inatuliza mwasho. Sidai kwamba maji hayo yanafuta kovu, kwa kuwa sijayapima na hakuna anayejua yana asiatikosidi kiasi gani. Natuliza mwasho ili mtoto asijikune, na kutojikuna kunasaidia kovu lenyewe. Kwanza jaribu sehemu ndogo ya mkono, kwani wapo ambao ngozi yao inaikataa na kutoa vipele, hasa wanaodhurika na seleri au karoti.

Majani makavu: mama anayaanika kivulini juu ya mkeka, hayaachi juani, na rangi yake inabaki kijani, si kahawia. Fungu dogo la karatasi ni franka 1,000. Ukilinganisha na yale ya unga wa kahawia yanayouzwa sokoni ndani ya saše, haya ni bora kwa mbali, kwa kuwa jani zima unaliona na kulitambua, unga hauna uso. Kwa kinywaji, monografia ile ya 1999 inataja kiasi cha gramu 0.33 hadi 0.68 za majani makavu mara 3 kwa siku, yaani kidogo sana, si konzi nzima ndani ya termosi kama ninavyoona watu wakifanya. Famakopea ya Ulaya, kitabu cha viwango vya dawa, inadai majani makavu yawe na angalau asilimia 6 ya viini vile ndipo yahesabiwe kuwa dawa. Fungu la Nguba halijapimwa na mtu yeyote, kwa hiyo mimi nalinunua kama chai, silihesabu kama matibabu.

Nataka pia ijulikane kwamba kitu kuwa majani tu hakukifanyi kuwa salama. Mwaka 2005 madaktari wa Argentina waliripoti wanawake 3 walioumia ini na macho yao kugeuka manjano baada ya kunywa sentela kwa siku kati ya 20 na 60. Walipoacha, wakapata nafuu. Kwa hiyo mwenye historia ya ini, anayekunywa dawa za kifua kikuu au dawa nyingine nzito, na mama mjamzito, nawaambia waiache kabisa kwa upande wa kunywa. Aliye mzima asiifanye mazoea ya miezi. Mama wa pepinieri hajui habari za Argentina, lakini alinishangaza kwa kuniambia mwenyewe kwamba mwanamke mwenye mimba hamuuzii majani makavu. “Miche, ndiyo. Ya kukunywa, hapana. Azale kwanza.” Alifundishwa hivyo na mama yake, naye anashika.

Kuna wauzaji wengine, sitataja wapi, wanaotembeza majani hayohayo wakati wa mtihani wa Serikali na kuwaambia wazazi kwamba yanafungua akili. Mzazi wa mtoto wa darasa la sita ya sekondari, ambaye amekopa pesa ya mtihani, anatoa tena dola 5 kwa chupa ya maji ya kijani. Inaniuma. Ni kweli kwamba India na Sri Lanka sentela inasifiwa kwa kumbukumbu tangu zamani. Ila uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2017 haukuona tofauti ya maana ya akili kati ya waliokunywa sentela na waliokunywa kitu kisicho na dawa. Dola hizo 5 zinunue mishumaa au taa ya jua ili mtoto asome usiku umeme ukikatika. Wengine wanasema inaponya malaria na sukari. Homa ya mtoto inataka kipimo cha damu siku hiyohiyo, na kila saa inayopotea kwa majani ni saa ambayo malaria inafanya kazi. Mama wa Nguba, nilipomtega kwa swali hilo, alicheka akatikisa kichwa: “Malaria ni kwa dokta. Hii ni ya ngozi na ya kupendezesha fasi.” Kwa jibu hilo peke yake ningemrudia.

Ndiyo maana vile vichupa vya mafuta mezani kwake vinanisikitisha. Ni mafuta ya mgando yaliyochanganywa na maji ya sentela, katika vichupa vilivyotumika zamani kwa krimu nyingine, bila lebo, bila tarehe, bila jina la aliyetengeneza. Nilifungua kimoja. Juu palikuwa na maji yaliyojitenga, na harufu ilianza kuchacha. Ni jambo la kutarajiwa: maji ya majani mabichi ndani ya mafuta, bila kitu cha kuyahifadhi, ni malisho ya ukungu na bakteria, nawe unakwenda kuyapaka kwenye ngozi iliyojeruhiwa. Alinieleza kwamba si yake, ni ya mtu aliyemwachia amuuzie. Namwamini. Nilimwomba ayaondoe, akasema atazungumza na mwenyewe. Mara ya mwisho nilipopita bado yalikuwapo, na nilimwambia tena. Kama unahitaji krimu ya sentela kwa kovu, nenda farmasi, uombe iliyofungwa kiwandani, uangalie tarehe. Ni ghali zaidi, na hapo ughali una sababu.

Kwa upande wa jikoni nitakuwa mfupi. Sri Lanka wanapika asubuhi uji wa wali na tui uliotiwa maji ya majani haya, na Malaysia wanayala mabichi pembeni ya wali. Mimi natia kiasi cha kiganja kwenye lengalenga, mwishoni, pamoja na seleri na kitunguu. Yana uchungu kidogo unaopendeza na samaki. Watoto wangu wanayala, mume wangu anayachagua na kuyaweka kando ya sahani, na kila mtu na ulimi wake. Mabichi sithubutu, si kwa sababu ya mmea bali kwa sababu ya maji yetu. Tumeona kipindupindu na tifoidi vya kutosha. Wala usichume kando ya kanivo, mfereji wa maji machafu, au chini ya choo cha jirani, hata kama yamenawiri sana huko, maana mmea huu unavuta kila kilichomo udongoni, pamoja na metali nzito. Ndiyo sababu nyingine ya kununua mche safi na kuotesha yako mwenyewe mahali unapopajua.

Bei: mfuko mmoja wa sentela ni franka 1,500, na ukichukua 10 anakupa kwa 12,000. Kwa eneo la chini ya avoka moja mifuko 10 inatosha, kwa sababu kila nyuzi utakayoikata yenye mizizi ni mche mpya, na msimu wa pili utakuwa unawagawia majirani. Wapo wanaouza kwa 1,000, lakini nimekwisha kueleza vipande vile vinavyokufa nyumbani. Feni zake ni nzuri pia, ingawa kwa maoni yangu anazipandisha bei mno. Waridi sizijui, sina mahali pa jua.

Kasoro nyingine iliyobaki ni usafiri. Hapeleki nyumbani, na motari akifunga mifuko yako kwa mpira nyuma ya pikipiki, udongo wote unabaki barabarani kabla hujafika Essence. Nenda na kikapu cha mdomo mpana au beseni, uikalishe mifuko wima, na uipakate mwenyewe. Usiende Juni wala Julai. Miche inakuwepo ila imechoka, na yeye mwenyewe atakuambia urudi. Nenda Septemba mwishoni au Oktoba, asubuhi, kabla ya saa nne, akiwa hajabanwa na wateja wa waridi. Jumapili hayupo. Mwambie akupeleke nyuma, chini ya turubai, uchague mwenyewe. Na ukimrudishia mifuko yake myeusi mitupu, mizima, anakupunguzia kwenye manunuzi yanayofuata.